Uzi: Kila mwezi twasema tunaondoka kwenye vyumba vya habari. Mbona bado tupo?

MhaririWaZamu (mwanzisha uzi)

Wanajukwaa, salaam kwenu. Wiki jana kijana mmoja wa dawati letu alinijia na fomu ya mkopo wa Sacco akaiweka juu ya kibodi yangu, saa tatu na nusu usiku, ukurasa wa tatu ukiwa bado haujafungwa, akaniomba niwe mdhamini wake. Niliijaza kwa haraka bila kusoma mengi. Nilipofika pale panapouliza mdhamini amemfanyia kazi mwajiri huyu kwa miaka mingapi, niliandika 16, kisha nikaitazama namba hiyo kana kwamba imeandikwa na mtu mwingine. Kwa miaka hiyo yote sidhani umewahi kupita mwezi bila mimi kutamka kwamba naondoka. Wenzangu husema hivyo hivyo, na ukituuliza sababu za kuondoka tutakutajia kumi kabla hujavuta kiti. Ukituuliza sababu za kubaki, tunaanza kukohoa.

Ningependa tulijadili jambo hili kwa uzito, na tuanze kwa kuyapima majibu mawili yanayosikika sana. La kwanza ni wito. Kila anapoagwa mkongwe, keki ikiwa imeshakatwa, hakosi mkubwa wa kusimama na kusema kwamba uanahabari ni wito na aliyeitwa haondoki. Mimi nimeona kinyume chake. Televisheni ya Wachina ilipofungua idhaa yake ya Afrika hapa Nairobi mwaka 2012, waliovuka walikuwa miongoni mwa watangazaji na watayarishaji wetu hodari. Mwaka uliofuata kaunti 47 zilianza kazi, kila moja ikihitaji watu wa mawasiliano, tukawaaga maripota ambao walikuwa wakilala na habari na kuamka na habari. BBC ilipopanua ofisi yake ya Nairobi mwaka 2018, yakawa yale yale. Mlango ukifunguka, wa kwanza kupita ni yule tuliyeapa kwamba wito umemfunga mnyororo.

La pili ni mshahara. Sisemi kwamba mshahara si kitu. Nina watoto watatu shuleni. Lakini mwaka 2020, korona ilipoyakausha matangazo ya biashara, nyumba kadhaa za habari jijini zilipunguza mishahara na nyingine zikafuta watu kazi, na wengi wa wale waliokatwa mishahara wapo hadi leo. Ikiwa mshahara ndio kamba, basi kamba ilikatika mwaka ule na ng'ombe hawakutoka zizini.

Nikijichunguza mwenyewe, narudi kwenye asubuhi moja ya mwaka 2017, ule mwaka wa uchaguzi wa urais uliorudiwa. Nilikuwa na barua ya ajira kutoka shirika moja lisilo la kiserikali, ofisi zake Westlands, mshahara mara moja na nusu ya niliokuwa nikipata, Jumamosi na Jumapili zikiwa za mtu mwenyewe. Wiki hiyo hiyo nilichanganya maelezo ya picha mbili, mheshimiwa mmoja akapewa jina la hasimu wake, na kosa lilipogunduliwa gari la magazeti ya Mombasa lilikuwa limeshapita Mtito Andei. Kwenye kikao cha saa nne asubuhi mkubwa alilitupa gazeti mezani akauliza ukurasa huo ni wa nani. Mhariri wangu wa usiku, ambaye saa hiyo alistahili kuwa kitandani, alikuwa amekuja. Akasema, "Ulipita mikononi mwangu. Ni wangu." Hakunitazama, wala hakuwahi kunikumbusha jambo hilo tena. Jioni niliijibu barua ya Westlands kwa kukataa kwa heshima.

Mhariri huyo alistaafu mwaka 2021. Tangu hapo, nikiri, barua za namna ile nimeanza tena kuzisoma hadi mwisho.

Basi wewe uliye ndani, kinachokushika hasa ni nini? Nawe uliyetoka, ni kitu gani kilikatika?


AjiraNaUtu

Ahsante kwa uzi huu, Mhariri. Mimi ni mstaafu. Nilihudumu katika idara za wafanyakazi kwa zaidi ya miaka 20, minne kati ya hiyo katika kampuni ya habari ambayo sitaitaja, na mojawapo ya kazi zangu ilikuwa kuwahoji wanaoondoka. Kwenye fomu karibu kila mtu aliandika kwamba amepata nafasi bora zaidi. Fomu ikishatiwa sahihi na kalamu ikishawekwa chini, mtu husimama, hushika kitasa cha mlango, na hapo ndipo hugeuka akasema: nilimwomba bosi ruhusa ya kwenda kumzika shangazi yangu, akaniuliza nani atasoma taarifa ya saa saba. Fomu yetu haikuwa na mahali pa kuandika maneno hayo.

Wataalamu walilishughulikia suala hili zamani. Frederick Herzberg, mwaka 1959, aliyatenganisha mambo ambayo yakiharibika humkera mfanyakazi, kama vile mshahara, usimamizi na mazingira, na yale yanayompa ari, kama vile kazi yenyewe, kutambuliwa na kukabidhiwa wajibu. Mwaka 1991 John Meyer na Natalie Allen waligawa kufungamana kwa mtu na mwajiri wake katika mafungu matatu: anabaki kwa kuwa anataka, anabaki kwa kuwa anahitaji, au anabaki kwa kuwa anajiona ana deni la kiutu. Mhariri, mwaka 2017 ulibaki kwa fungu la tatu. Kwa jinsi unavyoandika leo, nachelea kwamba umeangukia la pili. Tofauti hiyo mwajiri anapaswa kuijali, kwa maana anayetaka huja kikaoni na wazo la habari, lakini anayehitaji huja kikaoni tu.

Kisha mwaka 2001 Terence Mitchell na wenzake waliuliza swali lililo karibu sana na lako, yaani si kwa nini watu huondoka bali kwa nini hubaki. Walijibu kwamba mtu hushikwa na watu aliofungamana nao, na jinsi anavyolingana na mahali alipo, na kile atakachokipoteza akihama. Fomu ile ya Sacco iliyowekwa juu ya kibodi yako ina mengi ya hayo kwenye karatasi moja.


FundiMitambo

Nawaheshimu wataalamu, lakini hoja ya mshahara naipinga. Mwaka 2020 watu walibaki kwa sababu hoteli zilifungwa, shule zilifungwa, hata makanisa yalifungwa. Ng'ombe hawakutoka zizini kwa kuwa nje palikuwa na simba, Mhariri. Usiwasifu kwa utiifu.

Sisi wa mitambo tunajuana vizuri na pesa kwa kuwa tuna pa kwenda. Makanisa makubwa ya jiji hili siku hizi yana studio ambazo vituo vingi vya redio vinazitamani, na harusi ya Jumamosi moja yenye kamera nne humlipa fundi vizuri kuliko zamu za wiki. Pamoja na hayo, niliowaona wakiondoka hawakuondoka kwa udogo wa mshahara. Waliondoka kwa tarehe yake. Mshahara ukiingia tarehe 28, hata uwe mdogo, mtu hupanga kodi, karo na nauli. Ukianza kuingia tarehe 9, mwezi unaofuata tarehe 14, bila hata notisi ubaoni, ndipo utamwona fundi akipokea simu za kazi nyingine akiwa juu ya ngazi. Ongezeni na makato: tangu Oktoba 2024 bima mpya ya afya inachukua asilimia 2.75 ya mshahara wote, ushuru wa nyumba nao asilimia 1.5, kwa hivyo mtu ambaye mshahara wake haujaguswa tangu korona anarudi nyuma huku amesimama.

Lakini nitawapa jambo jingine ambalo sijui wataalamu waliliweka fungu gani. Tarehe 30 Januari 2018, serikali ilipozizima NTV, KTN News na Citizen kwa sababu ya lile tukio la Uhuru Park, Raila Odinga alipojiapisha kuwa "rais wa wananchi", nilikuwa likizoni. Nilikwenda kazini. Nilikuta mafundi waliokuwa wametoka zamu ya usiku hawajarudi nyumbani, na mwenzetu mmoja aliyekuwa ameshaandika barua ya kujiuzulu alikuwa chini ya meza akifuatilia nyaya, ingawa sote tulijua tatizo halikuwa nyaya. Barua ile hakuipeleka mwezi huo wala mwezi uliofuata. Nilikuja kuyaona mambo hayo tena tarehe 25 Juni 2025, Mamlaka ya Mawasiliano ilipoagiza vituo viache kurusha maandamano moja kwa moja na matangazo ya baadhi yavyo yakakatwa, hadi Mahakama Kuu iliposimamisha agizo hilo. Siku za namna hiyo hakuna anayeondoka. Watu huondoka Machi, katika juma ambalo hakuna habari, mkubwa anapopita bila kuitikia salamu.


SautiYaAlfajiri

Nimesoma maneno ya Fundi nikacheka kwa uchungu, kwa sababu mimi kilichonishika miaka sita ni gari.

Nilikuwa nikiongoza kipindi cha asubuhi cha redio, na nilikuwa nikiishi Kayole. Saa tisa na nusu za usiku dereva alinipigia simu mara moja akakata, maana yake amefika langoni. Tulikuwa wanawake watatu kwenye gari hilo. Mmoja tulimchukua Umoja, mwingine Buruburu, na dereva, ambaye tulimwita Baba Njeri, hakuwa akiwasha redio hadi tuwe wote ndani ili aliyekuwa bado ana usingizi asinzie kidogo. Siku moja ikaja barua kwamba magari ya zamu yameondolewa ili kupunguza gharama na kila mmoja ataongezewa kiasi fulani cha nauli. Aliyeiandika bila shaka alipiga hesabu akaona kampuni imeokoa pesa nyingi. Hakuwahi kusimama stendi ya Kayole saa tisa za usiku akiwa mwanamke. Ndani ya miezi minne sote watatu tulikuwa tumeondoka, na waliotafutwa kuziba nafasi zetu wakalazimika kufundishwa upya mambo yote, kuanzia kusoma alama za fundi nyuma ya kioo hadi namna ya kumkatiza mbunge aliyelewa maneno yake mwenyewe.

Sasa niko kituo kingine. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mwajiri atenge chumba cha kunyonyeshea. Hapa nilipo chumba hicho zamani kilikuwa stoo ya vigoda vya kamera, kina kiti kimoja, friji ndogo na pazia, na ufunguo wake tunao akina mama wenyewe badala ya bawabu. Niliporudi kutoka likizo ya uzazi ya miezi mitatu nilikikuta kipindi changu kikinisubiri, aliyenishikia akanikabidhi pamoja na daftari la mambo yaliyotokea nisipokuwepo. Nimeitwa mahali pengine mara mbili tangu wakati huo. Sijaenda hata kuuliza ni pesa ngapi.


MwakilishiMtaani

Wakuu wangu, nawasikiliza kwa heshima, ila mjadala huu wote ni wa watu walioketi. Mnabishana kuhusu kubaki ndani ya nyumba ambayo baadhi yetu tunaijua kwa veranda yake.

Mimi huripoti kutoka mahakama za Makadara na Milimani, na mara nyingine City Hall. Hulipwa kwa habari. Isipochapishwa, nimefanya kazi ya bure. Ikichapishwa, hulipwa baada ya miezi miwili au mitatu kulingana na hali ya kampuni. Hakuna bima, hakuna likizo, nauli ni yangu, na simu iliyoporwa kwenye maandamano niliinunua upya kwa pesa zangu. Ni mwaka wa tisa sasa. Mkiniuliza kwa nini nipo, nitawajibu bila kukohoa: jina la kituo. Nikimpigia simu mkuu wa kituo cha polisi na kusema mimi ni nani, hakati. Nikisema ninatoka kwa kituo gani, anasubiri. Jina hilo ni kama koti la kuazimwa, lakini nimelivaa kwa muda mrefu kiasi kwamba mtaani kwetu hawajui kwamba si langu.

Sababu ya pili ni aibu kuisema, lakini tumekubaliana kuzungumza kwa uzito. Kuna wanaobaki kwa sababu ya bahasha. Mtu asiyelipwa na mwajiri wake atalipwa na anayemwandika, na akizoea hivyo hataondoka hata mkimfukuza, kwa kuwa kazi yake halisi haiko tena kwenu. Mwajiri anayejisifu kwamba wawakilishi wake hawaondoki angejiuliza wanakula nini.


KimyaKingi

Hakuna aliyewataja wanaosubiri barua, nami ni mmoja wao, kwa hivyo nitasema kidogo kisha nirudi kwenye kimya changu. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinasema kwamba anayeondolewa kwa sababu nafasi yake haihitajiki tena alipwe si chini ya mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka kamili aliofanya kazi, juu ya notisi ya mwezi mmoja au malipo yake na siku za likizo alizodai. Anayejiuzulu mwenyewe hapati hizo siku 15. Nina miaka 19. Kila Januari uvumi wa kupunguza watu huanza, kila Januari mimi hupiga hesabu nyuma ya karatasi ya ratiba, na kila Januari huchukuliwa wengine. Vijana waliodhani nimetulia wananiuliza siri ya kudumu kazini.


MhaririWaZamu

KimyaKingi, umenifanya nipige hesabu ambayo nilikuwa naikwepa. Miaka 16 kwa siku 15 ni siku 240, yaani mishahara ya miezi minane hivi. Sikuwa nimewahi kujiuliza kama nami nasubiri.

FundiMitambo, nimeikubali hoja ya simba. Kwetu sisi wa Kiswahili simba huyo halali. Mhariri msanifu wa Kiingereza akiudhika anaweza kwenda benki, ubalozini au kwenye shirika akaandika ripoti za mwaka. Mwenye ujuzi wangu, anayelipwa kwa kujua kwamba "madai" na "madeni" si kitu kimoja, ana gazeti moja la kila siku, vituo vichache vya redio na televisheni, na idhaa za nje kama BBC na ile ya Wajerumani kule Bonn, ambazo nafasi zake huhesabika kwa vidole. Kwa hivyo wakubwa wanaposema dawati la Kiswahili lina uaminifu kuliko madawati mengine, wapunguze kidogo sauti.

Hata hivyo sitaki kuliacha jambo la mhariri wangu lifunikwe na hesabu. AjiraNaUtu ameniweka kwenye fungu la deni, na huenda ni kweli, lakini deni lile halikuwa kwa kampuni. Kampuni haikujua lolote lililotokea mle chumbani. Ilijua tu kwamba mhariri wa usiku amepewa barua ya onyo. Gari la Baba Njeri pia halikuwa sera ya mtu yeyote anayejulikana, wala ule ufunguo wa chumba cha akina mama. Yanayotushika yanafanywa na watu walio ngazi moja au mbili juu yetu, na mara nyingi kwa gharama yao wenyewe, kisha yanaondolewa na watu walio ngazi tano juu ambao hawakujua kwamba yapo. Ndiyo maana mtu akiulizwa kwenye fomu hashiki kalamu. Angeandika nini? Kwamba dereva alikuwa haiwashi redio?


AjiraNaUtu

Hapo umenifunza kitu, nami nilidhani nimekuja kufundisha. Ningeongeza moja tu kutoka upande wa pili wa meza. Tulikuwa tukihesabu walioondoka kila robo ya mwaka na kumpelekea mkurugenzi jedwali. Hatukuwahi kuhesabu ni wangapi kati yao walikuwa chini ya msimamizi yule yule. Nilipojaribu kufanya hivyo kwa kalamu, mwaka wangu wa mwisho, majina matatu ya wasimamizi yalijirudia hadi karatasi ikanitia haya. Niliipeleka. Mmoja wa hao watatu alipandishwa cheo mwezi uliofuata.


SautiYaAlfajiri

Mhariri, yule kijana wa Sacco alipata mkopo wake?


MhaririWaZamu

Alipata, dada yangu, na hapa pana jambo ambalo sikuwa nimewaeleza kwa sababu nami nimelijua jana. Afisa wa Sacco alinipigia kuthibitisha sahihi yangu, akanisomea fomu yote kama utaratibu unavyotaka, na alipofika kwenye madhumuni ya mkopo akasoma: "Kununua kamera, taa na kompyuta kwa ajili ya kuanzisha idhaa binafsi ya mtandaoni." Anakopa kwetu ili aondoke kwetu, na mimi nimemdhamini.

Nilimwita nyuma ya mashine ya chai. Hakukana. Alisema alikuwa amepanga kuniambia ukurasa ukishafungwa, lakini usiku ule ukurasa ulifungwa saa sita kasorobo na mimi nikakimbilia gari la Rongai. Ameniahidi hataondoka kabla ya kumaliza kulipa, na malipo ni ya miezi 36. Nikamwuliza kwa nini hakwenda kuomba udhamini kwa wenzake wa rika lake, akaniambia wote wana mikopo, na wawili kati yao aliwadhamini yeye. Akiondoka mapema, akiba yake itafidia sehemu ya deni, na salio tutagawana mimi na mpigapicha wa dawati la michezo, ambaye bado sijampa habari hizi.